Selim Bey na Dhamana Aliyompa Mbogo



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu wa Arua na Koboko wakiulizwa Uislamu ulifikaje West Nile, wengi hujibu kwa neno moja: Wanubi. Jibu si baya. Lakini waulize ni nani aliyewaongoza wale askari wa Kisudani ambao Wanubi wanajinasibu nao, watakutajia Emin Pasha, yule Mjerumani, kisha watanyamaza. Leo tunataka kumzungumzia Selim Bey, ambaye akitajwa hutajwa kwa haraka, na mara nyingi kama mwasi.

Wakati huo Arua haikuwa mji. Boma lake lilianzishwa mwaka 1914. Ila kambi za serikali ya Misri zilikuwa jirani zetu kabisa. Wadelai, ambayo leo iko wilaya ya Pakwach, ndiyo ilikuwa makao ya Emin Pasha tangu 1885. Dufile iko wilaya ya Moyo, na tuta la ngome yake linaonekana mpaka leo. Mnamo Agosti 1888 askari wa Dufile walimwasi Emin na kumfunga, na kiongozi wao alikuwa Fadl el Mula. Miezi mitatu baadaye jeshi la Mahdi lilipoishambulia ngome hiyo, aliyeilinda na kuwarudisha nyuma washambuliaji alikuwa Selim, mtu wa mwili mkubwa na mcheshi.

Tusimpambe kupita kiasi. Kambi zile hazikupata mishahara wala chakula kutoka Cairo kwa miaka mingi, na askari waliishi kwa kupora nafaka na ng'ombe wa wenyeji, na kwa kuchukua watu wao. Waliofanyiwa hivyo ni mababu wa Wamadi, Walugbara na Wakakwa, yaani babu zetu wengi wetu. Mwenye kusimulia sifa za Selim Bey huku akilificha hili hasomeshi historia.

Stanley alipokuja kumchukua Emin, Selim aliomba apewe muda akawakusanye askari na familia zao kutoka Wadelai. Stanley hakungoja. Aliondoka tarehe 10 Aprili 1889. Huko nyuma Fadl el Mula alichukua silaha nyingi akaenda zake, na Selim alipofika Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert upande wa Congo ya leo, alikuta wenzake wameshaondoka. Akabaki hapo na watu wake, wakivaa ngozi na nguo za pamba waliyoilima na kuifuma wenyewe.

Septemba 1891 akafika Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza, akihitaji askari wa kuishika Buganda. Kwa mtu aliyetupwa miaka miwili, hiyo ilikuwa neema. Lakini Selim alimjibu kuwa yeye ni mtumishi wa Khedivi wa Misri, bendera yake ni ile ile, na hawezi kuingia utumishi wa mwingine bila ruhusa ya bwana wake. Hapo ndipo penye mtihani, kwani Khedivi alikuwa mbali, hakuwalipa, hakuwakumbuka. Hatimaye walikubaliana kwamba waende na Lugard kwa sharti kuwa Khedivi aombwe idhini. Wakatoka watu zaidi ya 8,000. Askari walikuwa mia kadhaa tu, waliobaki ni wake, watoto na watumwa. Lugard mwenyewe alimsifu Selim kwa uaminifu ule katika kitabu alichokichapisha mwaka 1893.

Sasa twende Buganda, kwani huko ndiko uaminifu huo ulikomfikisha pagumu.

Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo. Waislamu wa Buganda walikuwa wamesukumwa hadi mpakani mwa Bunyoro, wakiwa na mfalme wao Nuhu Mbogo, ndugu yake Kabaka Mutesa. Lugard alitaka Mbogo aje Kampala kwa amani, lakini Waislamu hawakumwamini Mzungu, na walikuwa na sababu. Basi akatumwa Selim Bey, Mwislamu kwa Waislamu. Yeye ndiye aliyewapa neno. Mbogo akaja Kampala mwaka huo huo, akauacha ufalme, na watu wake wakapewa sehemu tatu: Butambala, Gomba na Busujju.

Wazazi wasomaji, mwenye dhamana ni nani? Si aliyeandika mkataba, kwani mkataba ulikuwa wa Lugard. Ni yule ambaye mtu alimtazama usoni akasema, kwa ajili yako nitakuja. Lugard aliondoka Buganda Juni 1892. Dhamana ya Selim haikuondoka naye.

Mwaka uliofuata Sir Gerald Portal aligawa nchi upya. Wakatoliki waliongezewa ardhi, ombi la Waislamu likakataliwa. Waislamu nao wakagoma kumfanyia Kabaka Mwanga kazi walizotakiwa. Portal akaondoka mwishoni mwa Mei 1893, akamwachia nchi Kapteni Macdonald. Vita vikanukia. Selim Bey, ambaye alikuwa Port Alice, yaani Entebbe, na tayari ni mgonjwa, alimwandikia Macdonald kupinga namna Waislamu wanavyotendewa, na maana ya maneno yake ilikuwa kwamba atakayempiga vita Mbogo atakuwa amempiga vita yeye.

Macdonald aliuita huo uasi. Tuseme kweli, ofisa mwenye Wazungu wachache na askari wengi wa Kisudani alikuwa na haki ya kuogopa barua kama hiyo. Hata hivyo Selim angeweza kunyamaza tu. Cheo chake kingebaki, umri ulikuwa umekwenda, na hakuna ambaye angemuuliza. Tunaona pia jambo jingine: sifa aliyosifiwa Kavalli, ya kutomwacha aliyemwahidi, ndiyo hiyo hiyo aliyohukumiwa nayo Entebbe. Tofauti ni kwamba safari hii haikumfaa mwenye nguvu.

Katika masomo ya sira tunawafundisha watoto kisa cha Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, pale Abu Jandal alipokuja na minyororo yake na Mtume (S.A.W.) akamrudisha kwa sababu ya mapatano. Masahaba iliwauma. Watoto huuliza kama huo haukuwa ukatili, na swali hilo ni zuri, tusilikwepe. Pale neno lililotolewa kwa adui lilishikwa huku linauma. Selim neno lake lilikuwa kwa ndugu zake, ila gharama ilikuwa juu ya shingo yake mwenyewe.

Mnamo Juni 1893 askari wa Kisudani wa Kampala walinyang'anywa silaha, naye Selim akakamatwa, akapelekwa pwani akiwa mgonjwa. Hakufika. Alifia njiani, Naivasha, mwaka huo huo. Lugard alimtetea kwa maandishi akiwa Uingereza, lakini ilikuwa imekwisha. Waislamu walishindwa vitani, wakanyang'anywa Gomba na Busujju. Miaka minne baadaye, mwaka 1897, askari wa Kisudani waliasi kweli kweli, wakiwa katika safari iliyoongozwa na Macdonald yule yule.

Na Fadl el Mula, aliyechukua silaha usiku? Mwaka 1892 aliingia mkataba na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na mwaka 1894 akauawa na jeshi la Mahdi.

Mbogo naye alipelekwa Zanzibar mwaka 1893. Alirudishwa Buganda mwaka 1895, na Mkataba wa 1900 ukamtaja kwa jina, yeye na watu wake, na ardhi ya maili 24 za mraba. Aliishi hadi 1921. Mwanawe, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa kilima cha Kibuli, ambako baadhi ya vijana wetu wa Arua na Koboko husoma.