Mshelisheli, mfenesi na mvule: ile rangi ya njano ndani ya mti

Ndugu mkulima, swali linalonijia sana siku hizi ni hili: je, ni kweli majani ya mshelisheli na magome ya mfenesi yana antioksidanti, na je, yana soko? Kabla hujashika panga, tuangalie kwanza miti hii ilitoka wapi na watu waliitumiaje.

Mshelisheli ulitujia kwa bahari, na jina lake lenyewe linataja visiwa vya Shelisheli. Asili yake ni mti wa porini wa New Guinea ambao matunda yake yamejaa mbegu. Mabaharia wa Pasifiki waliubeba kwenye mitumbwi, kisiwa hadi kisiwa, wakichagua yenye nyama nyingi na mbegu chache, mpaka zikapatikana aina zisizo na mbegu kabisa. Mti wa namna hiyo hauwezi kuenea peke yake. Hutokana na machipukizi ya mizizi, na lazima mtu ayabebe yakiwa hai.

Hapo ndipo penye kisa cha nahodha William Bligh. Waingereza walitaka chakula rahisi cha kuwalisha watumwa kwenye mashamba ya miwa huko Karibi, wakamtuma Tahiti kwa meli ya Bounty. Alikaa huko miezi mitano akisubiri miche ishike. Aprili 1789 aling'oa nanga akiwa na miche 1,015. Kabla mwezi haujaisha mabaharia wake waliasi, wakamshusha kwenye mashua na kuitupa miche baharini. Serikali ilimtuma tena, na mwaka 1793 meli ya Providence ikafikisha miche Saint Vincent na Jamaika. Mwanzoni watumwa hawakulipenda tunda hilo. Nani angependa chakula alichochaguliwa na bwana wake kwa sababu ni rahisi?

Bligh alifuata wanga tu. Watu ndio waliouchunguza mti wenyewe. Hawaii walitega ndege kwa utomvu wake, ulimbo kama huu tunaoujua sisi. Karibi, wajukuu wa wale watumwa walizoea kuchemsha majani yaliyogeuka njano na kunywa maji yake kwa ajili ya shinikizo la damu, na mpaka leo wako wanaofanya hivyo.

Huko Asia jicho lilikwenda kwenye kiini cha mti. Ukipasua gogo la mfenesi uliokomaa utaona njano iliyokolea. Watawa wa Kibudha wa Burma na Sri Lanka walichemsha vipande vyake kupata rangi ya majoho yao, na shabu ilisaidia rangi ishike kwenye kitambaa. Thailand wana ndugu mwingine wa mfenesi ambao kiini chake huchemshwa hadi kupata unga wa kutibu minyoo ya tegu. Wakemia walipokuja kupima, kwenye mfenesi walikuta morini, na kwenye ule wa Thailand oksiresveratroli. Zote mbili ni antioksidanti, yaani huzuia ule uharibifu ambao oksijeni hufanya kwenye mafuta na seli. Mshelisheli nao una flavonoidi za jamii hiyohiyo.

Lakini mti haukutengeneza vitu hivi kwa ajili yetu. Ni silaha yake dhidi ya ukungu na wadudu. Mtazame mvule, ambao ni wa ukoo huohuo pamoja na mkuyu na mforosadi. Mbao zake mchwa huziogopa, na sababu moja ni kloroforini iliyomo kwenye kiini. Muulize fundi seremala yeyote kuhusu vumbi la mvule: kikohozi, macho kuwasha, ngozi kututumka. Kitu kinachoulinda mti kinaweza kumwumiza mtu, kwa hiyo neno antioksidanti kwenye pakiti ya unga halitoshi kukuambia ni salama. Matokeo ya maabara kwenye chupa si kipimo cha dozi ya binadamu. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asiache vidonge vyake kwa ajili ya chai ya majani, na akiinywa amweleze daktari.

Kuhusu soko, mimi nasema usichune gome. Ukilichuna kuzunguka shina lote, mti unakufa, na umepoteza matunda ya miaka mingi kwa gunia moja la magome. Mfenesi utaupanda tena kwa mbegu. Mshelisheli huna mbegu yake, kwa hiyo ukiua ule mmoja wa kijijini huenda umeumaliza. Anayetaka majani aokote yaliyodondoka, ayaoshe, ayaanike kivulini.

Na anayetaka miti zaidi, masika yakianza fukua taratibu mzizi ulio karibu na uso wa ardhi, ukwaruze kidogo, urudishie udongo. Chipukizi litatoka hapo. Likishapata majani kadhaa na mizizi yake yenyewe, likate pamoja na kipande cha mzizi mama, litie kwenye mfuko wa udongo na mboji, uliweke kivulini na usiliache likauke.