Kutawa na Kutoka: Faragha katika Bonde la Kilombero

Yako maneno yaliyosafiri kutoka pwani hadi bara bila kelele, na kutawa ni mojawapo. Katika miji ya mwambao na visiwani, kutawa ni kukaa ndani, kujizuia na njia na baraza, aghalabu kwa ajili ya sitara au ya ucha Mungu. Mwanamke mtawa alikuwa yule asiyeonekana ovyo sokoni. Mwanamume mtawa alikuwa yule aliyeipa dunia kisogo akashughulika na ibada. Leo neno hilo likitajwa mjini Ifakara, mamia ya kilomita kutoka baharini, anayefikiriwa ni sista mwenye shela anayetoka wodini au anayeingia kanisani kwa sala ya jioni. Neno limehamia nyumba nyingine, lakini kiini chake hakikupotea njiani: ni mtu aliyejitenga na wengi kwa kusudi lililo kubwa kuliko nafsi yake.

Siku hizi mikutano ya kutafakari na ya yoga hutangazwa kwa wenye nafasi ya kuondoka mjini Ijumaa na kurejea Jumapili. Kwa sababu hiyo wako wanaodhani kwamba kutafuta ukimya ni jambo jipya lililoletwa na wageni. Historia ya bonde la Kilombero inashuhudia vingine. Humo watu wamejitenga, na wengine wametengwa, kwa namna nyingi. Namna hizo hupambanuliwa na maswali mawili: je, aliyeingia alikuwa na njia ya kutoka? Na ni nani aliyemtunza alipokuwa ndani?

Bonde lenyewe limelala baina ya safu ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Katika masika mto Kilombero huvimba ukafunika mbuga pana, kisha maji hushuka na kuacha udongo wenye rutuba. Mwaka 2002 ardhi hiyo oevu, yenye eneo la karibu kilomita za mraba 8,000, iliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar. Lakini Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena waliijua thamani yake kabla ya orodha yoyote, kwa samaki wake na kwa mpunga wake.

Mpunga ndio uliozaa faragha ya kwanza ya bonde. Mashamba mengi yako mbali na vijiji, na mpunga hauachwi peke yake: ndege wanaungoja ukomae, nguruwe mwitu wanaungoja usiku, na kiboko akipita mara moja huacha hasara ya msimu mzima. Kwa hiyo familia huhama. Hujengwa dungu juu ya nguzo, na aliyekaa humo hutazama majani na mbingu tangu alfajiri hadi giza kwa majuma na miezi. Kazi yake ni kuwa macho. Akilala, au akili ikimpotea, familia italala njaa. Hakuna anayeiita kazi hiyo kutafakari, ingawa mwalimu yeyote wa kutafakari angeitambua: kukaa, kutazama, kuwinga kinachokuja, kisha kutazama tena.

Haifai kuipamba faragha hiyo. Watafiti wa afya waliofanya kazi bondeni katika miaka ya 2000 walieleza jinsi wakulima waliohamia mashambani walivyojikuta mbali na zahanati katika miezi ile ile ambayo mbu ni wengi na malaria ni kali. Mtoto akishikwa na homa usiku, mama hana wa kumwita. Lakini dungu lilikuwa na mambo mawili yanayostahili kukumbukwa: zamu, kwani mmoja akichoka mwingine hupanda, na mwisho unaojulikana, kwani mpunga ukivunwa watu hurudi kijijini na magunia.

Faragha ya pili ni ya mwali. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Miongoni mwa Wapogoro wa Ulanga, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake wazima, akatengwa na macho ya wanaume na na jua la uwanjani. Mwanaanthropolojia Maia Green, aliyeishi na kufanya utafiti wilayani humo, ameziandika mila hizo katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu Ukristo wa wenyeji wa kusini mwa Tanzania. Zamani muda wa kukaa ndani ulikuwa mrefu. Shule ilipoingia, ukafupishwa. Mwali hakuulizwa kama anataka kuingia, na hilo lisifichwe. Hata hivyo jamii nzima ilijua kwamba siku ya kutolewa ipo. Aliingia mtoto, akatoka mtu mzima, na kutoka huko ndiko kulikokuwa na ngoma, nguo mpya na vigelegele.

Faragha ya tatu ilifika na wageni. Mwaka 1902 Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge. Desturi yao ilikuwa sala na kazi, zikipokezana kwa mlio wa kengele. Haukupita muda mrefu kabla vita havijavunja ratiba hiyo: mnamo Agosti 1905, wakati wa Maji Maji, ngome ya Wajerumani ya Mahenge ilishambuliwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1921 nafasi yao katika eneo hilo ikashikwa na Wakapuchini wa Uswisi.

Wakapuchini wana historia inayogusa moja kwa moja jambo hili. Shirika lao lilizaliwa Italia katika karne ya 16, likapata idhini ya Papa mwaka 1528, na chanzo chake kilikuwa hamu ya baadhi ya Wafransisko kurudi kwenye upweke wa mapangoni na misituni, kama alivyoishi mwanzilishi wao, Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226. Fransisko aliacha kanuni fupi kwa wanaotaka kuishi faraghani. Wawe watatu au wanne, si zaidi. Wawili wawe mama, na wengine wawe watoto. Mama wahudumie, walinde mlango, wapokee wageni. Watoto wakae katika sala. Kisha baada ya muda wabadilishane, mtoto awe mama na mama awe mtoto. Mkulima wa Kilombero asingeona ajabu katika kanuni hiyo. Ni zamu ya dungu.

Watu hao waliozaliwa na hamu ya upweke wakajikuta Ifakara, mji ambao husimuliwa kuwa jina lake lenyewe linataja mahali pa kufia. Faragha haikuwezekana hapo kwa namna ya mapango ya Italia. Wagonjwa walikuwa mlangoni. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ikakua kutoka katika huduma ya wamisionari hao pamoja na masista wa Baldegg, nao pia wa kutoka Uswisi. Mwaka 1949 alifika Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama aliyeiongoza Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, na kutokana na safari zake ikazaliwa maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, yenye sifa duniani kwa utafiti wa malaria. Mwaka 2012 Ifakara ikawa makao ya jimbo Katoliki linalojitegemea, lililomegwa kutoka Mahenge. Waliokwenda kutafuta kimya wakaacha nyuma yao wodi, maabara na shule.

Mafungo hayakukoma kwa sababu hiyo. Mapadre, masista na walei hujitenga kwa siku chache kila mwaka, hunyamaza, husikiliza mafundisho, hurudi kazini. Jina lenyewe, mafungo, limetoka katika kufunga, na Mwislamu wa Ifakara au wa Pemba hulisikia bila kuhitaji mkalimani. Palipokuwa na ugumu ni katika utawa wa maisha. Kwa wazazi waliomjua mwali, msichana huwekwa ndani ili atoke aolewe na azae. Binti aliyekwenda kwa masista aliingia ndani, akafundwa, akavishwa nguo mpya, lakini hakutolewa kwa mume. Baadhi ya koo ziliona kwamba mlango umefungwa bila kufunguliwa. Utawa ulieleweka pale binti yule alipoonekana tena akiwa mwalimu au muuguzi, akiwashika mikono watoto wa wenzake. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba naye ametoka, ila kwa mlango mwingine.

Bonde limejua pia faragha isiyo na mlango. Nje kidogo ya mji wa Ifakara kuna Nazareti, makazi yaliyoanzishwa na misheni kwa ajili ya wenye ukoma. Kabla ya kupatikana dawa mseto, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1980, mgonjwa wa ukoma hakwenda kujitenga, alitengwa. Alipata chakula, vidonda vyake vilisafishwa, na wako waliompenda. Lakini kimya chake hakikuwa chaguo lake, wala hakikuwa na siku ya mwisho. Tena katika makazi ya namna hiyo, popote yalipokuwa, wapo waliopona wasiondoke, kwani kijijini hapakuwa na aliyewangoja. Anayesifu upweke kwa maneno matamu na amkumbuke mtu huyo kwanza.

Mila ya Kiislamu ililiona jambo hili mapema. Itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani ina adabu zake: mtu hukaa msikitini kwa nia, hatoki ila kwa dharura, na mwezi wa Idi ukiandama hurudi kwa watu wake. Imamu Ghazali mwaka 1095 aliacha darasa lake kubwa la Baghdad, utajiri na jina, akaenda kukaa faraghani Dameski na kwingineko. Wasomaji wake hupenda sana sehemu hiyo ya habari. Isisahauliwe sehemu ya pili: mnamo mwaka 1106 alirudi kufundisha, mjini Nishapur. Zile faragha zilithibitishwa na alichokuja nacho.

Ndipo inapokuja yoga. Neno hilo la Kisanskriti limetokana na mzizi wenye maana ya kuunganisha, kama mafahali wawili wanavyofungwa nira moja. Kwa hiyo yoga na mafungo, ingawa hazina ukoo, zimekutana katika tendo la kufunga. Afrika Mashariki si mgeni wa kutafakari kwa mila za Asia: Dar es Salaam chama cha Wabudha kutoka Sri Lanka kilianzishwa mwaka 1915, na hekalu lao lingali mahali pa kutafakari. Nairobi, mradi wa Africa Yoga Project tangu mwaka 2007 umewafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu. Mnamo Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani. Na upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, wageni hunyoosha viungo ufukweni kabla jua halijapanda.

Wenye dini wamelitazama jambo hili kwa tahadhari. Vatikani mwaka 1989 ilitoa barua iliyokubali kwamba mbinu za Mashariki zaweza kumsaidia anayesali, ikaonya zisichukuliwe kuwa sala yenyewe. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliikataza yoga kwa Waislamu. Mjadala huo una uzito wake. Lakini bonde la Kilombero linauliza swali jingine, ambalo halihusu mkao wala matamshi: wakati mgeni amefumba macho, nani anapika, nani anafagia, nani anakesha langoni? Na je, zamu yake ya kukaa kimya itafika lini?

Katika kanuni ya Fransisko aliyehudumia jana huketi leo. Katika dungu aliyelala jana hukesha leo. Katika nyumba ya mwali, somo anayefunda aliwahi kufundwa. Mahali ambapo kimya kinauzwa kwa siku mbili, mpishi hubaki mpishi mwaka mzima, na mlinzi hukesha ili wengine wapate utulivu ambao yeye hataonjeshwa. Kasoro hiyo haimo katika yoga, wala haiponywi kwa kuibadili yoga jina. Imo katika kukata uzi uliokuwa ukimfunga anayejitenga na anayemtunza.

Bonde nalo linabadilika. Daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018, na saa za kungoja pantoni zikaisha. Ng'ombe wameongezeka, mashamba yamepanuka, na sheshe, swala wa mbuga za maji ambao zamani walijaa humo kuliko penginepo, wamepungua sana. Hata kimya cha mbuga si cha bure tena. Kinahitaji kulindwa kama mpunga unavyolindwa.

Kiswahili cha pwani kina hekima katika hesabu yake ya miezi. Mwezi unaofuata Ramadhani huitwa Mfunguo Mosi, na inayofuata huendelea kuhesabiwa kwa jina hilo hilo la kufungua. Mwezi mmoja wa kufunga hufuatwa na miezi ya kufunguliwa, na humo ndimo hujulikana kama saumu iliacha kitu. Wakulima wa Kilombero huhesabu vivyo hivyo bila kalenda: maji hushuka, madungu huachwa wazi, na anayerudi kijijini huulizwa amekuja na nini.