Fundi wa Bao na Mtunzi wa Bao: Kanuni za Mchezo Mpakani, Ngara na Biharamulo

Katika ushairi, Waswahili wamezoea kumwona malenga kuwa ni msemaji na mzushi kwa pamoja. Aliyebobea katika kutunga kwa bahari za kale ndiye anayetarajiwa kuzusha bahari mpya. Dhana hiyohiyo huhamishiwa, aghalabu bila kuhojiwa, kwenye michezo ya akili: yule ashindaye kila jioni barazani ndiye anayedhaniwa kuwa angeweza kuutengeneza mchezo ulio bora zaidi. Je, ni kweli kwamba fundi wa kucheza ni fundi wa kubuni? Swali hili lina majibu mengi katika vitabu vya sataranji vya Ulaya. Hata hivyo, bao lina ushahidi wa kale na mpana zaidi, na mahali pazuri pa kuanzia si Unguja wala Lamu, bali magharibi kabisa ya nchi, katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera.

Sababu ya kuchagua eneo hilo ni ya kiisimu kwanza. Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu kwa kanda, aliviweka Kihangaza na Kishubi vya Ngara katika kundi la D60 pamoja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Kizinza, kinachosemwa upande wa Biharamulo, akakiweka katika E20 pamoja na Kihaya. Na Kisukuma, ambacho wasemaji wake wameenea hadi Biharamulo, kimo katika F20. Kwa hiyo, msafiri anayetoka Rusumo akipita Lusahunga kuelekea Kahama huvuka maeneo ya makundi matatu ya lugha katika safari ya siku moja, na njia nzima huweza kuzungumza Kiswahili. Historia nayo imeyachanganya makundi hayo zaidi. Bugufi, iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi kabla ya mipaka ya kikoloni, iliangukia upande wa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, na wengi wao waliishi Benaco na kambi za jirani hadi Desemba 1996.

Makundi hayo ya lugha yana michezo yake ya mashimo. Rwanda na Burundi ina igisoro. Kaskazini, nchini Uganda, kuna omweso. Wasukuma wana isolo. Na kutoka mashariki, kwa njia ya biashara na baadaye ya malori, huja bao la Kiswahili. Jina igisoro na jina isolo ni neno moja lililopishana kwa l na r, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu atalitambua mara moja. Kisolo cha Waluba wa Kongo ni ndugu yao. Kiswahili hakikulichukua neno hilo. Kimeupa mchezo jina la kifaa chake, ubao mkubwa, na jina hilo likazaa maana nyingine: bao la mpira wa miguu, na bao la mpiga ramli. Matokeo yake ni kwamba, mtu wa Ngara azungumzapo Kiswahili, neno "bao" huweza kufunika michezo mitatu au minne ambayo kanuni zake hazilingani. Kamusi zetu hazijalifanyia haki jambo hili. Hutoa fasili moja na kupita.

Mfanano wa michezo hiyo ni wa kushangaza. Bao, omweso na igisoro yote huchezwa kwa safu nne za mashimo manane, na kwa kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Mateka hayatolewi nje, bali huhamia upande wa mshindi na kuendelea kutumika. Tofauti zimo katika mambo yanayoonekana madogo. La kwanza ni namna ya kuanza. Katika igisoro kete hupangwa nne nne. Katika omweso kila mchezaji huzipanga kete zake 32 kwa chaguo lake mwenyewe, hivyo kwamba mchezo huanza kabla ya kete ya kwanza kuchezwa. Katika bao la Kiswahili lenyewe kila mmoja huweka kete 10 tu ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. 22 zilizobaki hukaa akibani na kuingizwa moja moja katika hatua ya namua, ndipo hatua ya mtaji ifuate.

La pili ni mahali pa kupandia mateka. Mchezaji wa omweso hupanda kete alizoteka kuanzia kwenye shimo alilotokea. Mchezaji wa bao huzipeleka kwenye kichwa, shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia. Alipoteka katikati ya safu mwanzoni mwa zamu, ana uhuru wa kuchagua upande. Alipoteka katika kichwa au kimbi cha upande fulani, hana uhuru huo. Badiliko hili moja la kanuni huzalisha njia nyingi mno kutokana na ubao uleule. La tatu ni mwelekeo: omweso huruhusu kurudi nyuma kutoka mashimo manne ya kushoto tu, na tena kwa kuteka, ilhali bao hugeuka geuka kwa kufuata vichwa.

Ni nani aliyebuni tofauti hizi? Hakuna jina. Mapokeo ya pwani hayamtaji mzushi wa nyumba kama yanavyowataja wazushi wa baadhi ya tungo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840, ametuachia shairi juu ya bao, na Alex de Voogt, katika makala yake ya mwaka 2003, amelitumia shairi hilo kuwa ushahidi wa historia ya mchezo. Muyaka anazungumza kama mtu anayeujua mchezo uliokamilika. Kanuni zimo tayari, hazina mwenyewe.

Hata hivyo, kanuni zenyewe husema kitu juu ya waliozitengeneza, iwapo zitasomwa kama mwanaisimu asomavyo vighairi vya sarufi. Kanuni ya nyumba ni mfano bora. Mkupuo wa kuteka ukiishia ndani ya nyumba yenye kete nyingi, mwenyewe ana hiari ya kulala hapo au kuendelea. Nyumba ikishavunjwa, haijengwi tena. Lakini mchezaji asipokuwa na cha kuteka katika namua na ikamlazimu kucheza kutoka nyumba, hutoa kete mbili tu. Kwa nini mbili? Mtu aliyekaa peke yake na kubuni mchezo kwa akili tupu asingefikia kighairi kama hicho. Kinafanana zaidi na kiraka: mahali fulani wachezaji waliona kwamba kulazimishwa kuivunja nyumba kwa sababu ya kukosa la kufanya kunaharibu mchezo mapema mno, wakakubaliana namna ya kuzuia. Kutakatia ni hivyohivyo. Kunamzuia mwenye shimo lililotishwa asilikimbize kete zake katika hali maalumu, na hakueleweki ila kwa mtu ambaye tishio lake limewahi kuponyoka mkononi.

Hapa ndipo tofauti ya ufundi na ubunifu inapoanza kuonekana. Fundi ndiye anayegundua tundu. Mwaka 2000 Donkers, de Voogt na Uiterwijk walichapisha uchunguzi juu ya dakon, mchezo wa mashimo wa Asia, na mifungulio inayomwezesha anayeanza kushinda kabla mwenzake hajagusa kete. Mchezo wa namna hiyo ukiangukia mikononi mwa fundi, unakufa: mmoja anacheza, mwingine anatazama. Mchezaji wa kawaida anaweza kuufurahia miaka mingi bila kulijua tundu hilo. Kwa hiyo fundi ni mkaguzi ambaye hakuna mbuni anayeweza kumkosa. Lakini kulijua tundu si sawa na kujua kiraka kitakacholiziba bila kufungua jingine, na zaidi ya hayo, aliyeligundua tundu ana faida ya kulinyamazia.

Mfano wa upande wa pili ni William Julius Champion, Mmarekani aliyebuni kalaha mwaka 1940 kwa kuchukua wazo la michezo ya Afrika na Asia. Aliupunguza mchezo hadi safu mbili za mashimo sita na ghala moja kila upande. Kama jambo la kuwavuta watoto wa shule, ubunifu wake umefanikiwa kuliko wa bingwa yeyote. Kalaha imeenea ulimwenguni, na wengi huidhania kuwa ndiyo bao. Lakini mwaka 2000 Irving, Donkers na Uiterwijk waliimaliza kwa kompyuta, na katika aina nyingi walizozichunguza anayeanza hushinda akicheza bila kosa. Bao la Kiswahili, ambalo Donkers na Uiterwijk waliliandikia makala ya utungaji wa programu mwaka 2002, ni zito zaidi kwa mbali. Mtu mmoja asiye fundi alitengeneza mchezo mwepesi kupendwa na mwepesi kumalizwa. Umati wa mafundi wasio na majina umetengeneza mchezo mgumu kujifunza, ambao kuumaliza si kazi ndogo.

Mabingwa wa sataranji nao wamejaribu. Emanuel Lasker, bingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921, alibuni Lasca mwaka 1911, aina ya drafti ambamo mateka hubaki ubaoni chini ya kete ya mtekaji. Wazo hilo lingemfurahisha mchezaji yeyote wa bao, lakini Lasca leo inajulikana na wachache. Capablanca, aliyempokonya Lasker taji, alipendekeza katika miaka ya 1920 ubao mpana zaidi wenye vipande viwili vipya, akihofia kwamba mabingwa wangeishia kutoka sare daima. Hofu ilikuwa ya kweli, dawa haikunywewa. Aliufanya mchezo uwe mgumu zaidi kwa watu wa aina yake, na watu wa aina yake walikuwa wachache. Bobby Fischer, bingwa wa mwaka 1972, alitenda kinyume. Mpangilio wake, alioutangaza Buenos Aires mwaka 1996, huvichanganya vipande vya safu ya nyuma kwa bahati katika hali 960, na kuifuta elimu ya mifungulio iliyokaririwa, elimu ambayo yeye mwenyewe aliimiliki kuliko karibu wenzake wote. Mwaka 2019 shirikisho la sataranji duniani liliutambua mchezo huo kwa mashindano rasmi ya ubingwa. Wachezaji wa omweso, kwa kupanga kete wapendavyo, walikuwa wamelijua tatizo hilo kwa njia yao muda mrefu kabla ya Fischer.

Kutokana na mifano hii, hukumu inayoelekea kuwa sahihi ni hii: ufundi wa kucheza humpa mtu uwezo wa kuhukumu kanuni, lakini hugeuka ubunifu pale tu fundi anapokuwa tayari kuitoa faida yake mwenyewe. Jambo hilo ni adimu kwa mtu mmoja. Kwa jamii ya wachezaji si adimu, kwa kuwa aliyeshindwa jana naye ana sauti. Isolo ya Wasukuma ni ushahidi wa karibu: wanawake, wavulana na wanaume wana kanuni zao tofauti. Hakuna bingwa ambaye angebuni aina tatu za mchezo mmoja; zilibuniwa na haja za watu watatu tofauti.

De Voogt, katika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, alichunguza jinsi akili zao zinavyokokotoa mikupuo mirefu na hata kucheza bila kuutazama ubao. Kazi hiyo imeupa ufundi wa bao heshima katika elimu ya saikolojia. Lakini kwa kuwa uchunguzi hufuata mafundi, na mafundi wanaosifika wako pwani, kanuni zinazoandikwa, kufundishwa na kuingizwa katika programu za simu ni za pwani. Mbuni kijana wa Dar es Salaam au Nairobi atafutaye kanuni za kuanzia hupata bao la Zanzibar au kalaha ya Champion. Aina za mpakani hazimo, na mchezo unaotosheka na mashimo ya ardhini na vijiwe hauachi kifaa cha kuweka katika makumbusho.

Anayetaka kuziandika Ngara na Biharamulo asimtafute bingwa kwanza. Ampate Mhangaza na Msukuma, au mama na kijana wake, ambao hawajawahi kucheza pamoja, awaombe waketi, kisha asikilize mazungumzo ya kabla ya kete ya kwanza: nani apange, nani aanze, je, kurudi nyuma kunaruhusiwa, na ni shimo lipi, kama lipo, litakaloitwa nyumba.