Mchujo wa kupanda daraja: Foleni ndefu, mlango ule ule

Ndugu msikilizaji, katika soka hakuna nafasi yenye mateso kama ya tatu. Timu hutoka jasho miezi tisa, ikawazidi wengine wote isipokuwa wawili, kisha ikaambiwa kazi bado haijaisha. Sheffield United yaliwakuta hayo mwaka 2025. Walimaliza Ligi ya Championship ya Uingereza wakiwa na pointi 90. Mei 24 wakaingia Wembley kucheza fainali ya mchujo na Sunderland, timu iliyomaliza ya nne ikiwa na pointi 76. Sunderland wakashinda 2-1 kwa bao la dakika za majeruhi, wakapanda Ligi Kuu. Zile pointi 14 za ziada hazikuwasaidia Sheffield hata kidogo.

Kwa miaka mingi mchujo huo umekuwa wa timu nne, kuanzia ya tatu hadi ya sita, zikigombea nafasi moja. Hata hivyo, hoja ya kuongeza timu hadi sita, ili ya saba na ya nane nazo ziingie, imezuka zaidi ya mara moja. Wanaoitetea wana lao la kusema: ligi itabaki na uhai hadi wiki ya mwisho, viwanja vitajaa, na klabu ndogo zitakuwa na la kutumainia. Lakini kabla hatujaipigia makofi, tufungue kitabu cha historia.

Waingereza walianza mchujo karne ya 19. Daraja la Pili lilipoanzishwa mwaka 1892, waliamua kwamba timu tatu za mkiani Daraja la Kwanza zikutane na tatu za juu Daraja la Pili. Walioumia mwanzo ni mabingwa wenyewe. Mwaka 1893 Small Heath, ambao leo ni Birmingham City, walitwaa ubingwa wa Daraja la Pili. Wakapangwa na Newton Heath, ambao leo ni Manchester United, wakatoka sare 1-1, wakarudiana na kufungwa 5-2. Bingwa akabaki chini! Mwaka uliofuata Liverpool walicheza mechi 28 za Daraja la Pili bila kufungwa hata moja, na bado walitakiwa kushinda mechi moja zaidi ili wapande. Waliifunga Newton Heath 2-0.

Utaratibu huo ulikufa kifo cha aibu. Kufikia mwaka 1898 mchujo ulikuwa umegeuzwa ligi ndogo ya timu nne. Siku ya mwisho Stoke na Burnley waligundua kwamba sare ingewatosha wote wawili. Wakacheza kana kwamba mpira una miiba, na matokeo yakawa 0-0. Watazamaji walikasirika, nao viongozi wakaona haya. Daraja la Kwanza likaongezwa kutoka timu 16 hadi 18 ili Newcastle na Blackburn, walioathirika na sare ile, wapate nafasi. Baada ya hapo mchujo ulifutwa, na kwa karibu miaka 90 kupanda na kushuka kukaamuliwa na msimamo wa ligi peke yake.

Uliporudi mwaka 1987, haukurudishwa na kiu ya haki. Viwanja vya Uingereza vilikuwa vimepungukiwa na watazamaji, na wakubwa walitaka Daraja la Kwanza lipunguzwe kutoka timu 22 hadi 20. Mchujo uliletwa kwa majaribio ya misimu miwili ili kurahisisha upunguzaji huo. Timu moja ya Daraja la Kwanza ilitupwa humo pamoja na tatu za Daraja la Pili. Mwaka 1987 Charlton walinusurika mbele ya Leeds, na mwaka 1988 Chelsea wakashushwa na Middlesbrough. Utaratibu wa kukutanisha timu za madaraja mawili tunaujua hata sisi: mwaka 2023 Mashujaa ya Kigoma ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa kuitoa Mbeya City. Waingereza waliuacha mwaka 1989, wakabakiza timu za chini pekee. Fedha za milangoni zilikuwa tamu, na majaribio ya miaka miwili yakawa ya kudumu.

Tangu hapo orodha ya waliolizwa ni ndefu. Mwaka 1990 Newcastle walimaliza wa tatu kwa pointi 80, wakatolewa na Sunderland, waliokuwa wa sita kwa pointi 74. Sunderland nao wakafungwa na Swindon katika fainali, lakini Swindon wakanyimwa nafasi kwa makosa ya fedha. Aliyepanda ni Sunderland, wa sita aliyeshindwa fainali.

Kisa chenye funzo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni cha Reading mwaka 1995. Walimaliza wa pili, nafasi ambayo kwa kawaida humpandisha mtu bila maswali. Lakini mwaka huo Ligi Kuu ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 22 hadi 20, kwa hiyo aliyepanda moja kwa moja alikuwa bingwa tu. Reading wakatupwa kwenye mchujo, wakaongoza 2-0 katika fainali, wakakosa penalti, na mwishowe Bolton wakawafunga 4-3. Hawakuponzwa na idadi ya timu za mchujo. Waliponzwa na wakubwa wa juu waliobana mlango.

Na huo ndio moyo wa maneno yangu leo. Kuongeza timu kwenye mchujo bila kuongeza nafasi za kupanda ni kurefusha foleni mbele ya mlango ule ule. Ushahidi upo. Ligi ya tano ya Uingereza, National League, ilianza mchujo wa timu sita msimu wa 2017/18. Je, kilio kiliisha? La hasha. Mwaka 2023 Notts County walikusanya pointi 107, wakawa wa pili nyuma ya Wrexham, na ilibidi waokolewe na mikwaju ya penalti dhidi ya Chesterfield waliokuwa na pointi 84. Mwaka 2025 klabu za ligi hiyo zilifanya kampeni, nazo hazikudai timu nyingine kwenye mchujo. Zilidai nafasi ya tatu ya kupanda.

Tupige hesabu. Msimu wa 2024/25 timu ya nane ya Championship, Millwall, ilikuwa na pointi 66, yaani 24 nyuma ya Sheffield. Je, ni haki wawili hao wagombee kiti kimoja kana kwamba wamelingana? Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mchujo mpana unamkaribisha kivulini hata yule aliyechelewa kufika shambani.

Sisemi mchujo ufutwe. Umetupa mechi za kukumbukwa. Nasema anayetaka kuupanua aanze na nafasi za kupanda. Hilo likishindikana, basi aliyemaliza wa tatu asiguswe na raundi ya kwanza, na aanzie nusu fainali kwenye uwanja wake. Vinginevyo, ndugu msikilizaji, tutakuwa tumeuza tiketi nyingi zaidi na kuupunguzia msimu mzima thamani yake.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.