Shehena za mionzi kwenye Reli ya Kati: Gulwe

Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati wilayani Mpwapwa, mkoa wa Dodoma, kando ya Mto Kinyasungwe. Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, kwa hiyo fueli ya nyuklia iliyokwishatumika haijawa shehena yake. Shehena inayoweza kupita hapo ni urani. Madini hayo yamegunduliwa Bahi na Manyoni, chini kidogo tu ya udongo wa mbuga, na njia ya treni kutoka huko hadi bandari ya Dar es Salaam hupita Gulwe.

Unga wa urani husafirishwa katika mapipa ya chuma yaliyopangwa ndani ya kontena. Mionzi yake ni hafifu. Cha kuogopwa ni kuvuta au kumeza vumbi lake. Fueli iliyotoka kinuni ni habari nyingine kabisa: ina moto na mionzi ya kuua. Hupozwa miaka kadhaa bwawani, kisha hufungiwa katika kasha nene ambalo likijaa huweza kuzidi tani 100. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hudai kasha hilo listahimili kuanguka kutoka mita 9 juu ya sakafu isiyobonyea, moto wa nyuzi 800 kwa dakika 30, na kuzamishwa majini.

Gulwe maji yanajulikana. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalizoa tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Kama kasha la fueli lingekuwa kwenye treni iliyozolewa hivyo, lenyewe huenda lisingevuja. Kazi ingekuwa kulitoa mchangani, mahali ambapo hata winchi haifiki. Uzito wa kasha ni suala jingine: reli ya kisasa (SGR), yenye stesheni Gulwe pia, imejengwa kubeba tani 35 kwa ekseli.

Chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003, usimamizi wa vitu vya mionzi ni wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Ghala lake la Arusha hupokea vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi. Halikujengwa kwa fueli ya vinu, ambayo Ufini imeichimbia mahandaki ya Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba.

Bahi na Manyoni zikichimbwa, taka nyingi hazitapanda treni. Mabaki ya udongo uliosagwa, yenye radiamu, hubaki mgodini, na mbuga za Bahi ndizo mashamba ya mpunga.