Kijiji Kilichoanzishwa kwa Ajili ya Miti ya Chunguni

Muda mfupi kabla ya saa sita mchana, tarehe 1 Septemba 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Tokyo na Yokohama. Nyumba nyingi zilizonusurika mtikisiko zilimezwa na moto, na watu zaidi ya laki moja wakapoteza maisha. Miongoni mwa walioathirika walikuwamo wakulima wa bonsai, yaani miti midogo ya chunguni, wa Dangozaka, mjini Tokyo. Hawakutaka kuanza upya palepale penye msongamano. Walitafuta ardhi pana, udongo unaofaa na maji safi, wakavipata Omiya, kaskazini mwa jiji. Mwaka 1925 kijiji chao kikazaliwa.

Sanaa yenyewe ilikuwa ya kale. Katika kaburi la mwanamfalme Zhanghuai huko China, lililojengwa mwaka 706, ukutani wamechorwa watumishi waliobeba mandhari ndogo za mawe na mimea. Japani waliipokea, wakaifanya yao. Kipya cha Omiya kilikuwa kuwakusanya watu mahali pamoja kwa sababu ya miti tu.

Masharti ya kuhamia yaliwekwa bayana mwaka 1928: kila kaya iwe na bonsai zisizopungua kumi, lango liwe wazi kwa wageni, uzio uwe wa mimea, na nyumba isiwe ya ghorofa. Sharti hilo la mwisho lina busara, kwani ghorofa humnyima jirani jua, na mti wa chunguni hauna pa kulifuata. Chungu chenyewe ni kifupi. Siku ya kiangazi udongo wake hukauka kabla ya jioni. Mizizi hupunguzwa kila baada ya miaka michache na kupewa udongo mpya. Waya wa shaba unaokunja tawi lazima ukatwe kabla haujazama kwenye gome, la sivyo kovu hubaki miaka mingi. Na msonobari hukaa nje, hata wakati wa baridi. Ukifungiwa sebuleni hudhoofika hadi kufa. Kazi hizi haziahirishwi.

Ndiyo maana Vita Vikuu vya Pili viliiumiza sana Omiya. Bonsai ilihesabiwa kuwa anasa, mikono ya kumwagilia ikapungua, na vitalu vingi vikafungwa.

Hiroshima nako kulikuwa na kitalu cha familia ya Yamaki, kilomita tatu hivi kutoka pale bomu lilipolipuka tarehe 6 Agosti 1945. Vioo vya nyumba vilivunjika, lakini msonobari uliokuwa nyuma ya ukuta, uliolelewa tangu 1625, ulipona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa kwa Marekani, taifa lililoangusha bomu lile, pamoja na bonsai nyingine za Japani zilizotolewa kuadhimisha miaka 200 ya uhuru wa taifa hilo. Ulipelekwa Washington, ukatunzwa kwa miaka 25 bila habari za bomu kujulikana kwa walioumwagilia. Mwaka 2001 wajukuu wawili wa Yamaki walikwenda kuutazama, wakasimulia.

Omiya iliinuka tena pole pole. Mkutano wa kwanza wa dunia wa bonsai ulifanyika huko mwaka 1989, na mwaka 2010 likafunguliwa jumba la makumbusho la bonsai. Vitalu vilivyobaki ni vichache kuliko vile vya miaka ya 1930, lakini bado vinapokea wageni.