Shahidi Asiye na Ulimi

Msomaji, ukifika Garissa, ukauacha Mto Tana nyuma yako na kuingia katika nchi kavu ielekeayo Wajir, utakutana na wafugaji wasomao mchanga kama wewe usomavyo kitabu. Mmoja wao akipotewa na ngamia huinama, akautazama unyayo, akajua mnyama amepita lini, ameelekea wapi, na kama alikuwa peke yake au ameongozwa na mtu. Lakini kabla ya kukueleza lolote atakuonya jambo moja: usikanyage! Upepo ukivuma, au mbuzi wakipita, au jirani mwenye haraka akitia mguu wake pale, maandishi yale hufutika, wala hapana awezaye kuyaandika tena.

Katika onyo hilo mna msingi wa elimu yote ya upelelezi wa kisayansi. Edmond Locard, Mfaransa aliyeanzisha maabara ya polisi katika mji wa Lyon mwaka 1910, alifundisha kwamba mtu hawezi kugusa mahali asiache kitu chake hapo, wala asiondoke na kitu cha mahali hapo: unywele, uzi wa nguo, vumbi la kiatu, tone la damu. Vitu hivi ni mashahidi wasio na ulimi. Hawasemi uongo, hawaogopi mtu, hawapokei rushwa. Ila ni wepesi wa kupotea.

Kwa hiyo askari afikaye kwanza mahali pa uhalifu hana kazi kubwa, baada ya kuwaokoa walio hai, kuliko kupalinda mahali penyewe. Huzungushia kamba, akaandika jina la kila aingiaye na saa aliyoingia. Kisha picha hupigwa kabla kitu hakijaguswa, na mchoro huchorwa wenye vipimo. Kila kitu kiokotwacho hutiwa katika kifuko chake, kikafungwa kwa lakiri, na kila mkono unaokipokea hutia sahihi, tangu pale kilipookotwa hata mbele ya hakimu. Mnyororo huo ukikatika pete moja, hakimu ana haki ya kutia shaka, na mwenye hatia aweza kwenda zake.

Pengine utasema kwamba haya ni mambo ya askari na madaktari, nasi hayatuhusu. Nakusihi uyatazame mambo mawili yaliyotukia katika Kaskazini Mashariki ya Kenya, kisha uamue mwenyewe.

La kwanza ni la Wagalla. Tangu Desemba 1963 nchi ile ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, kwa sababu ya vita vya wale waliotaka kuungana na Somalia. Vita vilikwisha, lakini sheria zilibaki hata mwaka 1991. Kanuni za mwaka 1966 ziliondoa, katika sehemu zilizotajwa, sharti la kufanya uchunguzi rasmi wa kifo cha mtu aliyeuawa na majeshi ya usalama. Tafakari maana yake, msomaji. Mtu aliweza kufa kwa risasi, na sheria yenyewe isiulize amekufaje.

Tarehe 10 Februari 1984 askari walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, kwa madai ya kuwanyang'anya silaha. Waliwekwa pale siku kadhaa juani, bila chakula wala maji, na wengi waliuawa. Manusura walieleza baadaye kwamba maiti zilipakiwa katika malori zikatupwa nyikani. Hapakuzungushwa kamba wala hapakuchorwa mchoro. Risasi hazikuokotwa, wala majina hayakuandikwa. Annalena Tonelli, mwanamke wa Kitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu huko Wajir, alitoka na wasaidizi wake kuwatafuta majeruhi na kuzika maiti. Na ni kwa juhudi za watu kama yeye habari zile zilifika nje. Baadaye alifukuzwa katika Kenya.

Serikali ilisema mwaka ule ule kwamba waliokufa walikuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilisema yamkini walikaribia 1,000. Kati ya 57 na 1,000 mna mamia ya watu, na kila mmoja alikuwa na mama. Wajane wao walizeeka bila kuonyeshwa kaburi, na hakuna aliyehukumiwa kwa damu ile. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humfichua. Siri ya Wagalla ilifichuka, lakini mchanga ulikuwa umekwisha kukanyagwa.

La pili ni la Garissa penyewe. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu wanne wenye silaha, wa kundi la Al-Shabaab, walikishambulia Chuo Kikuu cha Garissa. Hata jioni watu 148 walikuwa wameuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Maiti zilipelekwa Nairobi, katika chumba cha maiti cha Chiromo, na wazazi wakaja kutoka pande zote za nchi. Nyuso nyingine zilikuwa zimeharibika hata mama asiweze kumtambua mwanawe. Ndipo wataalamu walipochukua alama za vidole vya marehemu na kuzilinganisha na zile zilizowekwa katika daftari la serikali, siku kijana alipokwenda kuomba kitambulisho chake cha taifa. Hivyo marehemu alirudishiwa jina lake, na mzazi akapata wa kumzika.

Alama hizo zina historia yake. Mwaka 1858 William Herschel, mtumishi wa serikali ya Kiingereza katika Bengal, alianza kuwatia watu alama za mikono katika mikataba. Edward Henry, pamoja na wasaidizi wake Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walitengeneza namna ya kuzipanga alama za vidole, na mwaka 1901 polisi wa London wakaanza kuitumia. Katika Kenya ilitumiwa katika kipande, ambacho baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukichukua, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kopo la bati. Watu walikichukia, na haki yao kukichukia. Chombo kilichotumiwa kumfunga mtu aliye hai kilikuja, baada ya karibu miaka 100, kumpa heshima mtu aliyekufa. Elimu ni kama kisu; hutazama mkono ulioishika.

Hata Garissa kazi haikuwa kamili. Maiti za washambuliaji zilipakiwa garini zikapitishwa mjini mbele ya umati, na hiyo si desturi ya upelelezi. Hata hivyo palikuwa na hesabu, palikuwa na majina, na mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwahukumu watu watatu walioshiriki katika njama ile. Wafu wa Garissa wanajulikana mmoja mmoja. Wafu wa Wagalla wangali wakibishaniwa.

Msomaji kijana, huenda kesho utakuwa askari, daktari, hakimu au chifu. Huenda hutakuwa lolote katika hayo, ila mpita njia wa kwanza kuukuta mwili kando ya barabara. Siku hiyo usikimbilie kugusa, wala usiwaite watu waje kutazama. Simama mbali, wazuie wengine, kumbuka uliyoyaona na saa uliyoyaona, kisha mwite mwenye kazi. Na ukipewa mamlaka, usikubali sheria isiyouliza mtu amekufaje. Marehemu hawezi kujisemea. Mchanga ulio chini yake humsemea, iwapo tu walio hai wamekubali kuacha kuukanyaga.